Bandari ya Majid na Viunga Vyake

Historia ya Dar es Salaam huanzishwa kwa Sultani na jumba lake. Mimi napenda kuianzia Kunduchi, kaskazini ya Mbezi Beach, penye magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi ambayo nguzo zake zilipambwa kwa bakuli za kauri za China. Waliozikwa pale walikuwa na biashara, dini na heshima zao kabla mtu yeyote hajafikiria kujenga mji mahali tunapopaita leo Posta. Kunduchi imo Wilaya ya Kinondoni. Upande wa pili wa mji, ng'ambo ya mkondo wa bahari, palikuwa na Mbwamaji, mji mwingine wa Waswahili. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ya Temeke, hadi Kigamboni ilipokuwa wilaya inayojitegemea.

Tunayoyaita leo maeneo ya pembezoni ni makongwe kuliko mji wenyewe. Mji ulikuja ukapachikwa katikati yao, na kila mtawala aliyeushika aliyageuza kuwa nyuma ya nyumba yake. Pasipoonekana hivyo, historia ya Dar es Salaam inabaki kuwa orodha ya masultani, magavana na marais.

Kabla ya 1862: pwani ya Washomvi na Wazaramo

Kati ya Kunduchi na Mbwamaji palikuwa na vijiji vya wavuvi na wakulima. Kimojawapo ni Msasani, na kingine ni Mzizima, kilichokuwa karibu na ilipo leo Hospitali ya Ocean Road. Mzizima haikuwa na ukubwa wa kutisha. Wenyeji wake wa pwani walikuwa Washomvi, ambao simulizi zao zinawarudisha Barawa, kwenye pwani ya Somalia. Waliishi kwa samaki, chumvi na biashara ndogo ya majahazi. Nyuma yao, kuanzia Pugu na kuendelea bara, walikaa Wazaramo na mashamba yao.

Mahusiano ya makundi haya mawili yalikuwa na mkataba wake. Kwa masimulizi ya Kizaramo, Washomvi walipobanwa na Wakamba waliotoka bara, waliomba msaada kwa Wazaramo chini ya mkubwa wao aliyeitwa Pazi Kilama. Wakamba wakafukuzwa, na tangu hapo Washomvi wakawajibika kutoa ada ya nguo na bidhaa nyingine kwa mapazi, yaani wakubwa wa Wazaramo. Mtu wa pwani alikuwa na bahari, mtu wa bara alikuwa na ardhi, na hakuna aliyeweza kuishi vizuri bila mwenzake. Mgeni yeyote aliyetaka kujenga hapo alipaswa kupatana na wote wawili, na Sultani wa Zanzibar hakuwa na msamaha katika hilo.

1862–1870: Sultani atafuta gati la bara

Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, milki yake iligombewa na watoto wake. Thuwaini alibaki Muscat, Majid akashika Zanzibar, na mdogo wao Barghash alijaribu kumpindua Majid mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza waliigawa milki rasmi: Oman upande wake, Zanzibar upande wake, na Zanzibar ikatakiwa kulipa riale 40,000 kila mwaka kwa Muscat. Majid akabaki na kisiwa chenye fedha nyingi lakini kilichojaa macho. Konseli wa Uingereza alikuwa jirani yake, wa Ufaransa na wa Marekani vilevile, na wafanyabiashara wa Kihindi walishika mikopo na forodha.

Haja yake ilikuwa ni mahali bara ambapo angeweza kuikamata biashara ya misafara bila kusimamiwa begani. Bagamoyo ilikuwa na misafara lakini haikuwa na bandari, kwani majahazi yalilala mbali na maji yalipokupwa yalikaa mchangani. Kilwa ilikuwa mbali. Nyuma ya Mzizima, lakini, mkondo mwembamba wa bahari unapinda na kuingia ndani, halafu unafunguka kuwa ziwa la maji ya chumvi lililotulia. Mabaharia wa tanga hawakuupenda mlango huo kwa sababu upepo huwa mgumu kwenye kona. Merikebu za moshi hazikujali upepo. Majid alikuwa anajenga kwa ajili ya zama zilizokuwa bado njiani: Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake.

Kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kupamba moto miaka ya 1865 na 1866. Jumba la Sultani likasimama likitazama bandari, na karibu yake nyumba ya wageni ya mawe ya matumbawe yenye mlango wa kuchonga wa Kizanzibari, ambayo bado ipo na watu wa mji huiita Boma la Kale. Mikono iliyobeba mawe ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watumwa. Waarabu wa Hadhramaut, waitwao Washihiri, na wafanyabiashara wa Kihindi walishawishiwa kuhamia, na Waarabu wenye uwezo wakapata ardhi kuzunguka mji na kupanda minazi. Septemba 1867 Majid aliwaalika makonseli wa Ulaya na Marekani kwenye karamu kubwa ya kuutambulisha mji wake. Wakati huo wakazi wake wote walikadiriwa kuwa 900.

Hiyo minazi ndiyo iliyobadilisha viunga. Ardhi iliyokuwa ya ukoo au ya kijiji, ambayo mtu aliitumia kwa kuilima, sasa ilipata mwenye jina. Shamba la mnazi halihami. Linakaa miaka sitini, na anayelimiliki anadai udongo uliopo chini yake. Sehemu kubwa ya ugomvi wa ardhi wa karne iliyofuata, kuanzia Upanga mpaka Magomeni na Temeke, mizizi yake imo katika mashamba hayo.

1870–1887: Barghash ageuza mgongo

Majid alifariki Oktoba 1870 akiwa hajafika miaka arobaini. Aliyemrithi ni Barghash, ndugu yuleyule wa mwaka 1859, ambaye hakuona sababu ya kumalizia ndoto ya mtu aliyemfukuza. Kazi ikasimama. Majumba ambayo hayajaezekwa yakaota magugu, wengi wa walowezi wakarudi Zanzibar, na misafara ikaendelea kwenda Bagamoyo kama kawaida yake.

Mji haukufa kabisa. Palibaki akida na askari wachache wa Sultani, palibaki Wahindi wenye maduka na Washihiri wenye mikokoteni ya biashara ndogo, na mashamba ya minazi yakaendelea kuzaa. Wazaramo walishuka na muhogo, kuku na sandarusi kuuza, wakapandisha nguo.

Lakini nyuma ya mji, katika nchi ambayo leo ni Mbagala, Chamazi na Kongowe, palikuwa na msongamano wa namna nyingine. Mwezi Juni 1873 Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wakageukia nchi kavu. Misafara ilitoka Kilwa, ikapanda kaskazini sambamba na pwani, ikapita nyuma ya Dar es Salaam kuelekea Pangani. Ofisa wa Kiingereza Frederic Elton, aliyesafiri njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, aliandika kuwa zaidi ya watu 4,000 waliswagwa kupita huko katika mwezi mmoja. Barghash aliipiga marufuku njia ya nchi kavu mwaka 1876. Sijaona kumbukumbu yoyote ya jiwe wala ubao kando ya barabara ya Kilwa, ambako sasa mabasi ya Mbagala hupita yamejaa, na nadhani ni deni ambalo mji haujalilipa.

Jambo moja tu la wakati wa Barghash lilielekea mbele. Mwaka 1877 tajiri wa meli wa Kiskoti, William Mackinnon, na wenzake walianza kufyeka barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikwenda zaidi ya kilomita mia moja, ikaachwa mwaka 1881. Magari ya ng'ombe hayakuweza kushindana na mbung'o.

1887–1914: Kaiser anunua pwani

Wajerumani walifika Dar es Salaam kama kampuni. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi, lakini Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ikapewa nafasi ya kutumia bandari hii. Mwaka 1887 ikafungua kituo chake. Aprili 1888 Sultani Khalifa, mrithi wa Barghash, aliikodisha kampuni pwani nzima, na mwezi Agosti watu wake walipopandisha bendera yao Pangani, moto ukawaka. Abushiri bin Salim aliongoza kule Pangani, Bwana Heri Sadani. Pwani yote ikawaponyoka Wajerumani isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam, zilizolindwa na mizinga ya manowari.

Dar es Salaam ilishambuliwa mwanzoni mwa 1889. Tarehe 13 Januari misheni ya Wabenediktini pale Pugu, iliyokuwa haijatimiza hata miaka miwili, iliteketezwa na wamisionari watatu wakauawa. Hermann von Wissmann alikuja na jeshi la askari wa kukodi, wengi wao Wasudani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani alilipwa marki milioni 4 na kuachia pwani moja kwa moja. Kuanzia 1891 makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Kilichowavuta ni kilekile alichokiona Majid: maji marefu yaliyofichwa.

Mwaka huohuo ukatoka utaratibu wa ujenzi uliogawa mji kwa aina ya nyumba. Mashariki, penye upepo wa bahari, palitengwa kwa majengo ya namna ya Ulaya. Katikati walikaa Wahindi na maduka yao. Nyumba za udongo na makuti zilisukumwa magharibi. Kisha tarehe 26 Novemba 1895 ikaja amri iliyotangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe anayeweza kuthibitisha ni mali ya Kaiser. Kwa Mzaramo ambaye hati yake ilikuwa ni mwembe aliopanda babu yake, uthibitisho ulikuwa mgumu. Kwa Mwarabu au Mhindi mwenye karatasi ya kadhi ulikuwa mwepesi zaidi. Kwa Mjerumani mwenye pesa haukuwa na ugumu wowote: eneo kubwa la Kariakoo ya leo lilikuwa shamba la mwekezaji wa Kijerumani mpaka serikali ilipolinunua karibu na vita ili kulipima viwanja vya Waafrika.

Wajerumani hawakuung'oa utawala wa Waarabu, waliutumia. Maliwali na maakida walibaki, safari hii wakikusanya kodi kwa ajili ya Kaiser. Hata mmoja wa Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, akapata hifadhi hapa. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar Agosti 1896 na kupigwa mabomu na Waingereza kwa muda usiofika saa moja, alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani, akaletwa Dar es Salaam na kuishi hapa kwa takriban miaka ishirini. Alikaa kwenye mji wa ami yake akiwa mgeni wa watu wengine.

Katika viunga na vijiji vya Uzaramo, utawala huo ulionekana kwa sura ya pamba. Kuanzia 1902 wilaya ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa zile zilizoanzishiwa mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo watu walilazimishwa kulima kwa ujira usiofaa kitu chini ya majumbe na maakida. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, Wazaramo wa kusini waliingia. Kibasila, mmoja wa viongozi waliohusishwa na upinzani dhidi ya mashamba hayo, jina lake sasa linabebwa na shule ya sekondari iliyopo Temeke. Wanafunzi wengi hupita geti hilo bila kujua jambo la pamba.

Mwaka huohuo wa 1905 ujenzi wa reli ya kati ulianza. Ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Sasa bandari ilikuwa na bara nzima nyuma yake, na Bagamoyo ikalala usingizi. Watu wa mji walikuwa wamepita 20,000.

1914–1939: bendera yabadilika, mipaka yabaki

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea mlangoni mwa bandari ili kuziba njia. Septemba 1916 mji ukasalimu amri. Khalid alikamatwa na kupelekwa uhamishoni St Helena na Seychelles. Alikufa Mombasa mwaka 1927. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza walipigishwa kambi katika eneo lililokuwa limepimwa na Wajerumani, na kambi hiyo ndiyo ikazaa Kariakoo.

Hata Ubelgiji ilipata kipande. Kwa makubaliano ya mwaka 1921, kwa ajili ya mizigo ya Kongo, Ruanda na Urundi, ilipangishwa sehemu ya bandari kwa faranga moja kwa mwaka, bila kikomo.

Waingereza walirithi ramani ya Wajerumani na kuipa sheria zao. Mwaka 1924 mji uligawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Uswahilini pakaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja kwa kisingizio cha kuzuia magonjwa. Sheria ya ardhi ya 1923 iliweka ardhi yote chini ya Gavana. Mwafrika wa mjini alipewa kibali cha muda mfupi juu ya kiwanja. Mzungu na Mhindi walipata miaka 33 mpaka 99. Tofauti hiyo ya miaka ndiyo iliyoamua nani anajenga kwa saruji na nani kwa fito na udongo.

Nje ya mpaka wa mji hapakuwa na kanda wala kibali. Kinondoni, Msasani, Keko, Temeke na Mtoni zilibaki mashamba na vijiji. Aliyetaka kujenga alikwenda kwa mwenye shamba, Mwarabu au Mzaramo au Mshomvi, wakaafikiana kodi ya mwaka, akasimamisha nyumba chini ya minazi. Minazi ilibaki ya mwenye shamba. Nyumba ilikuwa ya mpangaji. Mfumo huu wa mdomo na mashahidi ulihifadhi watu wengi zaidi kuliko mradi wowote wa serikali wa wakati ule.

1939–1961: makuli, Temeke na Magomeni

Vita ya Pili ya Dunia na mazao ya baada yake viliujaza mji. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,277. Ya 1957 ikahesabu 128,742. Karibu maradufu kwa miaka tisa, na vyumba havikuongezeka hivyo. Serikali ikatunga sheria za kuwaondoa mjini wasio na kazi, waliowaita wahuni, ikawapakia kwenye malori kuwarudisha vijijini. Wengi walirejea kwa miguu.

Waliokuwa na kazi nzito kuliko wote walikuwa makuli wa bandarini. Walilipwa kwa siku, na meli ikikosekana hakuna ujira. Mwaka 1943 waligoma. Tarehe 6 Septemba 1947 waligoma tena, na safari hii mgomo ulipanda reli: Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka Mwanza. Mishahara ikaongezwa na chama chao kikasajiliwa, kikafutwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine ulioishia kwa mapigano na polisi. Naamini mgomo wa 1947 ndio siku halisi ambayo bandari ya Majid ilipata wenyewe wapya. Kwa mara ya kwanza walioibeba mizigo walionyesha wanaweza kuisimamisha nchi nzima.

Serikali ilielewa, na sehemu ya jibu lake ilikuwa nyumba na viwanja. Mpango mkuu wa 1949, uliochorwa na kampuni ya Alexander Gibb ya London, uliendeleza mji kwa kanda zilezile, ingawa sasa zilipewa majina ya msongamano badala ya rangi. Ilala ilipanuliwa, Temeke na Magomeni zikapimwa, Kinondoni ikafuata. Kwa upande wa kusini, Temeke iliwekwa karibu na bandari na viwanda ili mfanyakazi asichelewe. Magati matatu ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1956 upande wa Kurasini, ambayo leo ni kata ya Temeke. Ndipo bandari yenyewe ikahamia viungani.

Nyumba zilizojazwa kwenye viwanja hivyo zilijengwa na watu wenyewe kwa ramani ambayo haikutoka ofisi yoyote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, na nyuma uani penye jiko, kisima na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mnyamwezi, Mndengereko, Mngoni na Mmanyema walipanga ukumbi mmoja, wakapikiana uani, wakazikana. Wanawake wengi walimiliki nyumba hizo, wakiishi kwa kodi bila kumtegemea mume. Katika mitandao yao ya ngoma na lelemama, Bibi Titi Mohamed aliikusanyia TANU maelfu ya wanachama wanawake kuanzia 1955. Mwalimu Nyerere naye alijenga Magomeni, nyumba ya kawaida ambayo sasa ni makumbusho. Chama kilichozaliwa Kariakoo tarehe 7 Julai 1954 kilipata miguu yake katika baraza hizo.

1961–1985: mji wa wananchi, mipango ya wataalamu

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961 na Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji. Januari 1964 ilikuwa na matukio mazito kwa wiki mbili. Tarehe 12 Mapinduzi yalimwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah kule Zanzibar. Alipanda merikebu, Mombasa ikamkatalia, akashukia Dar es Salaam na kutoka hapo akasafirishwa kwenda Uingereza. Sultani wa mwisho wa Zanzibar aliiaga Afrika Mashariki akiwa kwenye bandari iliyoanzishwa na ukoo wake. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo katika Kinondoni, waliasi kudai mishahara na maofisa Waafrika. Ikabidi Waingereza waitwe kuwanyang'anya silaha.

Serikali mpya ilikuwa na nia njema kwa viunga. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilibomoa vibanda vya Magomeni na kujenga nyumba za matofali. Lakini watu walikuja kwa kasi ambayo tofali halikuweza kuifuata: 272,821 mwaka 1967, na mkoa mzima 843,090 mwaka 1978. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, iliweka stesheni yake kuu ndani ya Temeke, ikaileta shaba ya Zambia mpaka Kurasini. Kaskazini, Manzese ilikua kutoka shamba hadi mtaa mkubwa kuliko miji mingi ya mikoani.

Mwaka 1972 halmashauri ya jiji ilifutwa katika mpango wa madaraka mikoani. Ilirudishwa 1978, wakati takataka zilishajaa na mabomba yameshachakaa. Mkopo wa Benki ya Dunia ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kutia barabara na maji Manzese. Awamu ya pili ikafika Mbagala, Mtoni na Tandika. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa: serikali ilikiri kwamba mtaa uliojijenga wenyewe unaweza kuboreshwa bila kubomolewa. Bahati mbaya, viwanja vingi vya Sinza na Mikocheni viliishia kwa watu wenye uwezo.

Kisha mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, na malori yakarudi kuwazoa wasio na kitambulisho cha kazi. Sheria ilikuwa mpya, lakini wazee wa Temeke walikuwa wameiona zamani chini ya bendera nyingine. Mwaka huohuo daladala ziliruhusiwa, kwa kuwa mabasi ya shirika la umma, UDA, hayakutosha, na usafiri wa mji ukahamia mikononi mwa watu binafsi.

Baada ya 1985: wilaya tano, gati za wageni

Soko huria lilivunja mipaka ya mwisho. Mji ulikimbia kando ya barabara nne, Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na katikati ya barabara hizo watu wakajaza mabonde na vilima kwa hati za serikali ya mtaa. Halmashauri za Kinondoni, Ilala na Temeke zilipata hadhi ya manispaa zao, kisha Ubungo ikachanwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016.

Gharama ya kuwa pembezoni iliendelea kulipwa na walewale. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala na kuua watu katikati ya nyumba zao. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisomba bonde la Msimbazi, na waliookolewa wakapewa viwanja Mabwepande, mwisho kabisa wa Kinondoni. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa na kusubiri kwa takriban miaka kumi mpaka majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Kurasini, nyumba zimepisha maghala na yadi za makontena.

Sensa ya 2022 iliipa Temeke watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328, katika mkoa wenye watu 5,383,728. Ikulu na wizara zimehamia Dodoma. Dar es Salaam ikabaki na kilekile kilichomvutia Majid. Oktoba 2023 serikali ilitia saini na DP World ya Dubai mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya gati, baada ya mjadala mkali uliofika mahakamani, makanisani na vijiweni. Wengi walikumbushana historia ya Waarabu wa pwani, wengine kwa hofu isiyo ya haki kwa majirani zao Waarabu, ambao koo zao zimeuza chumvi na mafuta ya taa Temeke na Kinondoni tangu enzi ya Sultani. Swali lenye uzito zaidi lilihusu mapato, ajira za makuli, na nani ana sauti juu ya ardhi ya bandari.

Sasa mizigo inafuata njia waliyoshika watu. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, imeunganishwa na reli, ili makontena yatolewe gatini na kupelekwa bara badala ya kupangwa Kurasini na kusubiri malori katika barabara ya Mandela. Ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa, Temeke itapata pumzi na pengine ardhi kidogo itakayoachwa wazi. Wakazi waliohamishwa kupisha yadi hizo wana haki ya kuulizwa mapema ardhi hiyo itakuwa ya nani.